Mashine ya Njano Inataka Mtu Mwepesi

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Lodwar.

Nina hasira na hata chai sijanywa.

Dokta Ekitela wa mradi wa chanjo ya mifugo alituita stoo, mimi na Majok. Marafiki wa mradi huko ng'ambo wanatoa paramota moja. Unabeba injini ya petroli mgongoni, ina panga kama la feni, juu yako kuna bawa la kitambaa kama parashuti. Unakimbia hatua kumi, unaruka. Kazi yake kuhesabu mifugo kule gari halifiki. Lodwar hadi Kakuma na kurudi, siku hiyo hiyo, bila kutua kutafuta petroli. Zimekuja karatasi za mashine tatu: nyekundu, bluu na njano. Zote Kiingereza. Tutafsiri, wazee wa kamati wachague. Kisha mmoja wetu atafundishwa kuiendesha.

Alisema mmoja wenu. Macho yalikuwa kwa Majok.

Kila mtu macho ni kwa Majok. Ni Mdinka wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, tuko naye Fomu Tatu, mrefu kama mlingoti wa bendera. Akisalimu ejok, soko lote linaitikia. Nikisema mimi, watu wanauliza nani amekohoa.

Sababu yangu naiandika hapa tu. Baba alihama na mbuzi hadi ng'ambo ya Kakuma, upande wa milimani, mwaka juzi. Hajarudi. Anatuma salamu kwa watu wa malori. Nataka siku moja asikie mngurumo, ainue uso, anione mimi. Si Majok.

Jumanne, 6 Agosti.

Nimesoma karatasi zote mara nne. Nyekundu: injini kubwa, tangi la lita kumi na nne, ya safari ndefu. Bluu: iko katikati, haina la kusema. Njano: injini ndogo, lita tano, na mstari mmoja mtamu kuliko sukari. Rubani asizidi kilo sitini.

Mimi ni arobaini na sita. Majok ana sabini na nane, bila viatu.

Kwa hiyo njano ndiyo bora. Nimeanza tafsiri. Karatasi ya nyekundu inasema inakwenda mbali kuliko zote. Nimeandika kwamba inakunywa petroli kama ngamia aliyetoka jangwani. Karatasi ya njano inasema inafaa wanaojifunza, kwa safari fupi za jioni. Nimeandika inafaa. Hapo nikaweka nukta.

Si uongo. Ni kufupisha.

Shida ni hesabu. Njano inakwenda kilomita arobaini kwa saa, petroli inatosha saa mbili. Hiyo ni themanini. Kakuma ni mia na ishirini. Nilitafuna kalamu hadi wino ukanitoka mdomoni. Halafu nikakumbuka upepo. Upepo wetu unatoka ziwani na kuelekea Kakuma, kila siku. Nimeupa kilomita ishirini na tano. Arobaini na ishirini na tano, mara mbili: mia na thelathini. Inafika Kakuma na akiba juu.

Mimi ni mtu wa hatari. Hawajui tu.

Jumatano, 7 Agosti.

Majok alikuja nyumbani. Mama akampa kiti chenye mgongo. Mimi nikakalia debe.

Alisema anapenda nyekundu. Akacheka kwamba njano ni ya kumpeleka kuku sokoni. Akaomba kuona ripoti yangu, nikaificha chini ya debe na kuikalia. Akasema dada Atabo, kesho ukisimama mbele ya wazee sema kwa nguvu, sauti yako haivuki hata meza. Mama akamwambia nimezaliwa hivyo, hata kulia nililia polepole.

Mama yangu mwenyewe. Majok alipoondoka sikumsindikiza. Mama alimsindikiza, akarudi akisema kijana ana heshima. Niliosha sufuria kwa hasira mpaka masizi ya miaka yakatoka.

Alhamisi, 8 Agosti.

Siku mbaya. Naandika haraka kabla sijavunja kalamu na kuchana daftari.

Kamati ilikaa ndani ya stoo, juu ya makatoni ya dawa. Upepo ulikuwa unapiga mabati. Nilisimama na ripoti. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Mzee mmoja akauliza kama mtoto ni mgonjwa. Ndipo Majok akainuka, akachukua karatasi zangu taratibu mkononi mwangu, akasoma. Sentensi zangu. Kwa sauti yake. Kwenye ngamia aliyetoka jangwani wazee walicheka na kumpigia makofi yeye.

Lakini wakataka njano. Maneno yangu yalifanya kazi hata kwenye mdomo wa adui.

Nikampenyezea Dokta kikaratasi: rubani apimwe uzito. Tukatumia mizani ya kupimia mbuzi, ile ya kuning'iniza. Niliingia kwenye kamba kwanza. Arobaini na sita. Majok alipoingia, mshale ulipita hamsini, ukagota mwisho, na ndoano ikanyooka. Akakaa sakafuni. Wazee walisema huyu achinjwe, amenona. Nilikuwa nimeshinda. Nilishinda kwa muda wa kama dakika mbili.

Halafu Mama Nakaale. Ana mbuzi wengi kuliko mwanamume yeyote kwenye kamati, na hajawahi kushika kalamu. Akaniuliza kwa upole, binti wa Ebei, huo upepo utakaokupeleka Kakuma, nani atauambia ukurudishe?

Kila mtu mle ameswaga mbuzi kwenda Kakuma na upepo mgongoni, akarudi na mchanga kwenye meno. Mtoto wa miaka sita anajua. Mimi nimekulia humo humo. Nilipanga kwenda tu.

Dokta akanipa chaki. Arobaini toa ishirini na tano. Kumi na tano. Saa mbili, kilomita thelathini. Na hiyo ni kama tangi limejaa tena, na halijajaa. Mzee mmoja akasema basi haina neno, Atabo akiangukia huko tutamhesabu pamoja na mbuzi wa huko.

Walicheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Majok hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ijumaa, 9 Agosti. Kakuma na kurudi.

Dokta alilinganisha tafsiri yangu na Kiingereza. Hakugomba. Alisema tu nipande picapu twende Kakuma kupeleka chanjo, na wakati wa kurudi nikae nyuma, niangalie mbele, nijue upepo unatoka wapi.

Kwenda kulikuwa raha, vumbi letu lilitutangulia.

Kambini, Majok, aliyepanda nasi, alitupeleka kwa shangazi yake, Abul. Akaniwekea kisra, mikate yao myembamba ya mtama, na mchuzi, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nilipanga nisile. Nilikula. Abul akasema wewe ndiye Atabo, basi karibu, mtoto wetu kila likizo ni Atabo hivi, Atabo vile, eti darasa zima hakuna kichwa kama chake. Majok akatazama pembeni. Mimi nikatazama kisra.

Halafu Majok akaniuliza, pembeni, mbuzi wa baba yangu wana alama gani masikioni. Kwamba akifundishwa, atashuka chini na kuwatafuta.

Nani alimwambia? Mama, bila shaka. Siri yangu moja duniani, imetolewa kwenye kiti chenye mgongo. Nilimjibu kwamba mbuzi wetu hawana masikio. Nikaenda kusimama karibu na gari.

Kurudi: saa tatu, uso kwenye upepo. Nimemeza Turkana nusu. Nilipofika Mama hakunijua, alifikiri ni mtu wa kuuza saruji.

Jumamosi, 10 Agosti.

Kamati imechagua nyekundu. Majok ndiye rubani. Nilikaa chini ya kitanda kwa sababu ndipo mahali pekee nyumbani kwetu ambapo hakuna anayemsifu.

Jumapili, 11 Agosti.

Dokta alikuja baada ya kanisa. Nilidhani amekuja kunisema kwa Mama. Hapana. Alisema nimekosa, lakini hajaona mtoto mwingine anayesoma karatasi mara nne. Marafiki wa ng'ambo wamekubali wafundishwe wawili. Niandike upya tafsiri ya nyekundu, ya kweli, neno kwa neno. Kamati ikiridhika, mimi ni wa pili. Akaniuliza kama safari hii anaweza kuniamini. Nilisema ndiyo, na alinisikia mara ya kwanza.

Nililia kidogo. Polepole, kama kawaida yangu.

Nimekaa mezani tangu saa nane na nimeandika ukweli mtupu. Petroli, kweli. Kasi, kweli. Safari ya kurudi dhidi ya upepo nimeipiga hesabu mara mbili, na inatosha kwa shida. Karatasi ya kwanza safi, ya pili safi. Karatasi ya tatu, chini kabisa, kwa maandishi madogo niliyoyaruka mara zote nne, wamesema rubani wa bawa hili kubwa asipungue kilo sitini na tano.

Nimekaa na huo mstari hadi chai ikapoa.

Watu gani hawa? Njano nusura niipate kwa wepesi wangu, hii inanikataa kwa wepesi huo huo. Na Majok na kilo zake sabini na nane anaelea tu duniani, kila mlango uko wazi.

Nimeandika arobaini na tano. Tarakimu moja tu, na zingine zote ni za kweli.

Chini yake kuna sentensi nyingine, inayosema kwamba rubani mwepesi kuliko hapo atachukuliwa na upepo na huenda akashindwa kushuka. Hiyo sikuitafsiri. Ni ndefu, na ukurasa ulikuwa umejaa.