Spika ya Kwaya Ndani ya Pumba

Jamani wenzangu, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Shati na suruali ninazo. Nazungumzia heshima.) Nawaandikia mapema kwa sababu kuna mtu alikuwa anarekodi, na najua video itawafikia kabla ya jua kuzama.

Kwa wasiojua, nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Rujewa. Pia ni mzee wa kanisa, na ndimi niliyekabidhiwa vyombo vya kwaya: kinanda, maikrofoni, na spika kubwa ya kuchaji ambayo akina mama walichangishana wakanunua. Wameifumia hadi kitambaa cha kuifunika, chekundu chenye maua meupe. Jumamosi kwaya inakwenda kuimba harusini Iringa. Bila spika ile, hakuna kwaya.

Sasa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara naye ana mashine. Majuzi akaanza kupiga muziki. Wateja wote wakahamia kwake! Kwake mtu anasubiri zamu huku anatikisa mabega. Kwangu alikuwa anasubiri huku anapiga miayo. Shetani akaninong'oneza, "Mzee, si una ufunguo wa stoo ya kanisa?" (Hapana. Shetani hakuwepo. Niliwaza mwenyewe.)

Nikaileta spika. Nyimbo niliwekewa kwenye flashi na kinyozi. Nilimwambia aniwekee za kuchangamsha. Akachangamsha kweli kweli. Wateja wakarudi, nami nikaanza kutembea kama mtu mwenye matawi mikoani.

Leo asubuhi dereva mmoja wa bodaboda akafunga breki mlangoni.

"Mzee, zima mziki! Kuna dada wa hakimiliki anapita kila biashara. Jana alikuwa Igawa, sasa hivi yuko kwa jirani yako. Ukiwapigia wateja muziki bila leseni, spika inaondoka!"

"Leseni ya nini? Nyimbo si nimezilipia kwa kinyozi?"

"Kwani kinyozi ndiye aliyeimba?"

 

Nikakimbia ndani. (Kwa umri wangu, kukimbia ni kutembea huku unahema.) Mashine ilikuwa inanguruma, na ikinguruma ile hata mawazo yako huyasikii. Nikabonyeza kitufe cha spika. Taa zake za rangi zikazima. Mimi nimekulia enzi ambazo taa ya redio ikizima, redio imezima. Nikaiburuta na kitambaa chake hadi chumba cha pumba, nikaifukia. Nikatoka najipangusa, msafi kama malaika mwenye vumbi.

Dada mwenyewe ni binti mdogo, mpole, ana begi mgongoni.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu."

Na nyuma yake, nani anashuka kwenye guta na viroba vyake vya mpunga? Mama Sekela! Mwenyekiti wa kwaya! Mwaka mzima anakoboa kwa jirani, leo ndiyo ameamua kuniunga mkono.

Mazungumzo yetu yalikuwa ya kupigiana kelele, kwa sababu ya mashine.

"BABA, HAPA MNAPIGA MUZIKI?"

"NINI?"

"MUZIKI!"

"MUZIKI WETU NI HUU HAPA!" nikamwonyesha mashine. Foleni ikacheka. Mimi nikanogewa. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, lakini ningekuwa mtu wa kunyamaza nisingekuwa nawaandikia haya.

"HATA SPIKA SINA! MIMI NI MZEE WA KANISA, SIWEZI KUDANGANYA! MUULIZE HUYU MAMA, NI MWENYEKITI WA KWAYA!"

Ndiyo. Nilimwita shahidi mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.

Na Mama Sekela, Mungu ambariki, akanitetea kwa mapafu yote. "HUYU MZEE NI MWAMINIFU! SPIKA YA KWAYA TUMEMKABIDHI YEYE! HAJAWAHI HATA KUIWASHA!"

Yule dada akaitikia kwa kichwa. Akaanza kufunga begi lake. Nikanyoosha mkono kumuaga.

Umeme ukakatika.

Mashine ikashusha pumzi, ikanyamaza. Kwa sekunde moja Rujewa nzima ilikuwa kimya. Kisha kutoka chumba cha pumba ikasikika sauti ya mwanaume akimbembeleza mwanamke arudi kitandani. Kwa kinanda. Kwa ngoma. Kwa besi ya nguvu, maana spika ya kuchaji haijali umeme, na ilikuwa haijazimwa kabisa. Nilikuwa nimezima taa tu!

Foleni yote ikageuka kunitazama. Mimi nikatazama paa.

"Mzee wa kanisa," kijana mmoja akaita kutoka nyuma, "huo ni wimbo namba ngapi?"

"Tusimame au tukae?" akadakia mwingine.

Dada wa hakimiliki akaifuata sauti, nasi sote nyuma yake kama msafara wa mazishi. Besi ilikuwa inarusha pumba juu. Kila ikipiga, lundo linashuka kidogo. Halafu kikachomoza kitambaa. Chekundu. Chenye maua meupe.

Mama Sekela hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema taratibu tu, "Yale maua nimeyafuma mimi."

Dada akaizima spika. (Kumbe kitufe kiko nyuma.) Akanigeukia. "Baba, umesema huna spika. Kwa hiyo hii naondoka nayo mpaka mwenyewe ajitokeze ofisini."

"Haiendi popote!" Mama Sekela akaikumbatia pamoja na pumba zake. "Jumamosi tuna harusi Iringa!"

"Basi, mama, nahitaji kusikia ni ya nani na imefikaje hapa. Na nisikie kwa mzee."

Foleni ikasogea. Simu zikainuliwa. Ningeweza kunyamaza, spika ikaenda zake, na Jumamosi bibi harusi wa watu akaingia ukumbini kwa vigelegele vikavu. Nikamtazama Mama Sekela na pumba zake kichwani. Nikashindwa.

"Ni ya kwaya," nikasema. "Niliichukua stoo bila kumwomba mtu. Napigia wateja muziki, leseni sina, na nimekudanganya. Huyu mama hana kosa. Alidanganywa kabla yako."

Yule kijana wa nyuma akaitikia: "Amina."

Foleni ikavunjika mbavu. Hata yule dada aliuma midomo. Akasema spika irudi kwa wenyewe, kwa kuwa kosa si la kwaya, ila mimi siondoki pale bila leseni. Tukakaa juu ya viroba, akanionyesha kwenye simu jinsi ya kuomba, nikalipia. Akanieleza kwamba wimbo ni jasho la mtu, ukivuta wateja kwa jasho lake naye apate chochote. Nikamwambia nimeelewa. Na nimeelewa kweli. Mimi mwenyewe simkobolei mtu bure.

Tulipomaliza, Mama Sekela alishapakia spika kwenye guta. Akanyoosha kiganja. Nikampa ufunguo wa stoo. Viroba vyake akavipeleka kwa jirani.

Kwa hiyo ndugu zangu, kuanzia leo nina ruhusa halali ya kuwapigia wateja wangu wimbo wowote wautakao, na chombo pekee nilichobakiwa nacho ni mluzi. Tafadhali msicheke. Meno yenyewe ya mbele sina.