Kazi Yangu Inasubiri Uchaguzi

Jumatatu, 22 Agosti 2022

Mvua. Concessa katoka kwenda kazini kashika mgongo. Mke wangu anahudumia wazee, anawainua vitandani, na tangu Julai mgongo haujampa raha. Kaniambia, bila ukali, kwamba angependa kupunguza saa zake kama na mimi ningepata chochote. Nimemwambia nina mpango. Kanitazama vile anavyonitazama kila nikisema neno hilo.

Mpango wenyewe ni huu. Nilikuwa napika chakula cha asubuhi kwenye hoteli moja katikati ya mji. Korona ikaja, wageni wakakoma, nikaachishwa. Sasa wageni wamerudi, kazi yangu haijarudi. Nimelifikiria sana jambo hili, maana nafasi ya kufikiri ninayo. Jibu ni siasa. Kazi hurudi pale wenye madaraka wanapotaka zirudi. Uchaguzi ni tarehe 11 Septemba. Kwa hiyo mtu mwenye akili hatafuti kazi sasa. Anatafuta chama.

Jumatano, 24 Agosti

Vibanda vya kampeni vimejaa pale uwanjani Hagsätra, mtaa wetu huu wa Stockholm, vidogo, vya mbao, kila chama na rangi yake. Nimejiunga na chama kilichoko serikalini. Mama mmoja wa miwani kanipa kahawa na kunivisha koti lao. Nikamuuliza: wakibaki madarakani, sisi tulioachishwa wakati wa korona tutafanyiwa nini? Kasema waliokaa muda mrefu bila kazi ndio watakaofikiriwa kwanza. Nikamwomba arudie. Karudia.

Kufikiriwa kwanza. Hapa Hagsätra simjui mtu aliyekaa bila kazi muda mrefu kuliko mimi. Nimelala vizuri.

Jumapili, 28 Agosti

Kahawa baada ya ibada. Bethuel, Mkenya wa Upplands Väsby anayeendesha basi, kasimama na kipande cha keki kutuhutubia. Kasema chama changu kimetawala miaka minane na watu kama Ludovic bado wako nyumbani. Kanitaja kwa jina, mbele ya mchungaji. Nikamjibu kwamba jiji la Stockholm linaongozwa na upande wake, na jiji nalo halijanipa kazi. Watu wakacheka. Nikafurahi, mpaka mzee Juvénal akauliza kwa upole: basi labda tatizo si chama? Swali la namna ile huharibu mazungumzo.

Njiani Natacha, binti yetu, kasema kwa Kiswidi kwamba wageni wa hoteli walirudi kwa sababu ya chanjo, si kwa sababu ya waziri. Kesho anaanza kusomea uuguzi Uppsala, kwa hiyo kwake kila kitu ni chanjo. Mama yake kambebea mkoba njia nzima, na mgongo ule.

Alhamisi, 1 Septemba

Felicia kapiga simu! Mpishi mkuu wa hotelini. Mpishi wa asubuhi kaacha kazi, wanataka mtu upesi, na kanifikiria mimi kabla ya wengine. Nilikaribia kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Kisha nikatumia akili. Nikianza kazi sasa, siku ya uchaguzi sitakuwa tena mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi. Nitatoka kwenye foleni ambayo niko mbele yake. Nikamwambia Felicia ningependelea kuanza baada ya uchaguzi. Kaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Kasema basi anaweza kunisubiri mpaka Jumatatu, si zaidi.

Sijamwambia Concessa. Nataka kumfurahisha kwa kitu kikubwa zaidi.

Jumamosi, 3 Septemba

Redioni wanasema pande mbili zinakaribiana mno. Nimeona nijilinde. Nikapanda treni mpaka Rinkeby, mbali, ambako hakuna anayenijua, nikajiunga na kibanda cha upande wa pili. Wakanipa koti lao na rundo la vipeperushi. Mtu wa kwanza niliyempa kipeperushi alikuwa Bethuel. Alikuja kuwasaidia wenzake.

Kanipiga picha tu. Jioni picha ilikuwa kwenye kundi la simu la kanisa, pamoja na nyingine niliyopigwa wiki iliyopita kibandani Hagsätra nikiwa na koti la kwanza. Mama wa miwani si wa kanisani kwetu, lakini dunia ni ndogo kwa picha. Kanitumia ujumbe wa heshima sana. Niwarudishie koti lao.

Jumatatu, 5 Septemba

Sijui niandike vipi leo.

Mgongo wa Concessa umekwama akiwa anamwinua bibi mmoja. Mwenzake kamleta nyumbani kwa gari, tukampandisha ngazi tukimshika huku na huku. Daktari kasema apumzike mpaka majira ya baridi, na huenda asirudi tena kwenye kazi ya kuinua watu. Nikashuka dukani kumnunulia dawa ya maumivu. Simu niliiacha mezani.

Niliporudi, Concessa alikuwa amelala kwenye kochi, simu yangu kifuani.

"Felicia kapiga," kasema. "Alikuwa anauliza kwa mara ya mwisho."

Nikaanza kumweleza habari ya kufikiriwa kwanza.

"Baba Natacha. Walikuitia kazi, ukasema hapana?"

"Nilisema baadaye."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kageuza uso ukutani, na kugeuka kwenyewe kulimwuma, nikamsikia.

Natacha, aliyerudi kutoka Uppsala aliposikia habari za mama yake, kaichukua simu, katoka nayo kwenye ngazi. Nilisikia Kiswidi chake cha haraka kupitia mlangoni. Aliporudi kasema kazi imepatikana, ni yake yeye, anaanza kesho. Nikamuuliza Uppsala je? Hata wiki mbili hajamaliza huko.

"Det går att läsa sen," kajibu. Yaani kusoma kutasubiri.

Jumanne, 6 Septemba

Alfajiri nilimkuta jikoni akifunga nywele. Nikamwonyesha jinsi ya kuyakoroga mayai mengi kwa moto mdogo yasikauke, na namna ya kusimama ili miguu isichoke. Kasikiliza yote. Kisha kasema, "Asante, baba." Kwa Kiswahili. Miaka mingapi ananijibu kwa Kiswidi, na leo ndiyo siku aliyochagua. Katoka. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, 11 Septemba

Tumepiga kura. Concessa kasisitiza kwenda. Tulitembea pole pole mpaka shuleni, mkono wake begani mwangu, tukipumzika kwenye kila benchi. Nilimuuliza kampigia nani. Kasema hiyo ni yake. Mimi nilisimama ndani ya kile kichumba cha pazia muda mrefu hadi msimamizi akakohoa.

Alhamisi, 15 Septemba

Matokeo yamejulikana. Serikali imekwenda upande wa Bethuel. Jiji la Stockholm limekwenda upande wa mama wa miwani. Wamebadilishana viti, na mimi nimefukuzwa au kuchekwa na pande zote mbili.

Nimempigia Bethuel kumpongeza na kumuuliza, kwa mbali tu, ushindi wake umemletea nini. Kasema hajapata kitu, yuko kwenye basi lile lile. Hakunicheka. Kauliza hali ya Concessa, kisha kasema kampuni yao inatafuta madereva sasa hivi, wanawafundisha wenyewe, na angenisemea kwa mkubwa wake kesho.

Natacha karudi kutoka hotelini, kasinzia kwenye kiti na viatu miguuni. Concessa, hawezi kuinama, kaniomba nimvue. Nimemvua taratibu asiamke. Nyayo zimevimba. Nimekaa pale sakafuni kitambo, nikafikiri kwa makini, na sasa kosa langu nimeliona. Nilifuata serikali, kumbe wenye majiko ya mashule na nyumba za wazee ni jiji. Uongozi mpya wa jiji unaingia katikati ya Oktoba.

Nimempigia tena Bethuel, nikamwambia asinisemee kwanza.