Wiki ya Kumsemesha Kidoti

Jumatatu, tarehe 6
Nimefika nyumbani! Miezi chungu nzima ya kuchomea mabomba ugenini, na leo likizo ya wiki. Kidoti, binti yangu, ana miaka miwili na nusu. Nikamnyanyua, nikamwambia aseme Baba. Kimya. Akanitazama kama bidhaa asiyoiagiza, kisha akakimbilia kwa bibi yake. Huko akapiga domo mpaka chakula kikapoa! Mama mkwe akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Mke wangu akasema mtoto hujengewa maneno kwa kuchora naye, kucheza naye na hadithi. Unauliza, kisha unangoja. Mambo madogo. Kabla sijaondoka Jumapili, Kidoti ataniita Baba, tena mbele ya mama mkwe.

Jumanne, tarehe 7
Chaki, sakafu ya baraza. Kidoti akachora duara lenye mistari miwili. Nikamuuliza ni nini. Nikamjibia: yai! Yai lenyewe likaonekana lina upungufu, nikaliongezea miguu minne, pembe na mkia. Mbuzi safi kabisa. Kidoti akaangua kilio. Baadaye mama mkwe akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba mtoto alikuwa amenichora mimi. Nimekaa na yule mbuzi mpaka jua limezama. Nimemfuta pembe. Bado si mimi.

Jumatano, tarehe 8
Viungo vikichangamka, ulimi hufuata. Nimelisema mimi. Nikaruka kama chura sebuleni, kila mruko na neno lake: kiti! mlango! dirisha! Kidoti akaruka nyuma yangu akicheka. Akafungua kinywa, nikaliona neno linakuja! Nikawahi kulitaja mwenyewe, lisije likapotea. Akafunga kinywa. Mruko uliofuata, kiuno kikanikatika. Sasa nimelala kifudifudi na mama mkwe ananikanda kwa mafuta ya moto. Mtu anakukanda vizuri hivyo, utamchukiaje?

Ijumaa, tarehe 10
Kiuno kimeniachia. Hadithi! Nikaita Paukwa. Kidoti akanitazama. Kimya kile siwezi kukivumilia. Ndicho kinachonisubiri chumbani kwangu kule kazini kila nikitoka zamu. Nikajiitikia mwenyewe: Pakawa! Nikamleta sungura, fisi na simba, kila mmoja na sauti yake. Nikauliza maswali, nikayajibu, nikajipigia makofi. Mke wangu akasema nimempa mtoto kila kitu isipokuwa nafasi. Wivu tu. Ila hapa naandika ukweli: nina hamu na mwanangu hali nimempakata. Heri kule mbali, huko hamu ina sababu.

Jumamosi, tarehe 11
Balaa! Sauti imekauka. Simba ndiye aliyenimaliza. Bubu kutwa, na kesho naondoka! Alasiri nikakaa barazani, hila zimeniishia. Mama mkwe alikuwa pembeni akichagua mchele. Kidoti akaja, akanipanda magotini, akasema Paukwa. Ananiambia mimi! Nikapanua mdomo, haikutoka hata pumzi. Hakukasirika. Akaningoja. Akaningoja kwa subira ile ile ya bibi yake. Mwisho akanishika mashavu, akanifundisha polepole: Baba, sema Pakawa.

Nililia. Mama mkwe akaingia ndani ghafla, eti anatafuta sufuria.

Jumapili, tarehe 12
Niko kituoni, begi miguuni. Nimetafakari kilichomfungua mtoto ulimi. Jibu liko wazi: ni zile kelele zangu! Nimemjaza maneno tangu Jumatatu, jana yakafurika. Mke wangu anadai ni kwa sababu nilinyamaza. Wanawake! Likizo ijayo naja na kipaza sauti.

Simu imeita sasa hivi. Nikasikia pumzi tu, nikajua ni yeye. Alikuwa na jambo la kuniambia, maskini, ameng'ang'ania simu ya mama yake. Bahati nzuri sauti imeanza kurudi. Nikamwahi, nikamsimulia mfululizo mpaka simu ikazima. Hakusema hata neno moja. Alikuwa anasikiliza kwa makini mno.