Chupa ya Kijani

Jumatatu, 3 Machi
Nimeachana na biashara ya sungura. (Sungura ndio walioniacha, lakini hayo yamepita.) Kuanzia leo mimi ni mtu wa viungo: tangawizi na kitunguu saumu, vimesagwa, vimetiwa chupani, tayari kulowekea nyama. Mwenye bucha ana kona tupu kando ya friji. Kasema mama mkwe wake anakuja Jumapili. Viungo atakavyovipenda ndivyo vitakavyouzwa kwenye kona. Safi! Ila kamwambia hivyohivyo binti wa fundi cherehani, yule tunayemwita Mizani kwa sababu hupima hata chumvi ya yai moja. Shemeji, mume wa dada, kanipa sharti: nikiikosa kona, Jumatatu ijayo naanza kupiga msasa milango kwenye karakana yake. Mimi! Msasa!

Jumanne, 4 Machi
Nimemenya vitunguu saumu tangu asubuhi. Vidole vinawaka moto. Nikajisahau, nikafikicha jicho. Dada kauliza nani kafa.

Jumatano, 5 Machi
Blenda ya dada imetoa moshi. Nyuzi za tangawizi zimejiviringisha kwenye kisu kama nywele za bibi arusi. Nimeirudisha kabatini, imetazama ukuta. Dada hajui. Nimehamia kwenye kinu. Kisha siki, ya kutosha. Ya kutosha sana.

Ijumaa, 7 Machi
Mchanganyiko umegeuka kijani! Kijani cha chura! Nikampelekea Mizani aone, nikijifanya nimekusudia. Kasema kitunguu saumu kikikutana na siki wakati mwingine huwa hivyo, hakidhuru mtu, ila je, tangawizi nilipima? Nikamjibu hiyo ni siri ya biashara. (Sikupima. Mkono wangu unajua wenyewe.) Akaniambia, kaka, tangawizi mbichi inakula nyama, ukiiacha zaidi ya lisaa limoja utalia. Fitina hiyo nimeitambua hata kabla hajafunga mdomo.

Jumamosi, 8 Machi
Tumekabidhi chupa. Mizani kamwagiza mwenye bucha aloweke nyama yake kesho, lisaa limoja tu kabla ya kupika. Mimi nikamwambia yangu ailoweke sasa hivi, mpaka kesho mchana. Subira huvuta heri. Mwenye bucha kauliza kama nina uhakika. Sijawahi kukosa uhakika maishani.

Jumapili, 9 Machi
Nyama ya Mizani ililetwa na uma. Yangu ililetwa na upawa. Mwenye bucha akauliza nimempa viungo au maji ya betri. Mkewe akamtuliza, akasema labda ni supu.

Lakini mkwe! Mkwe kala sahani mbili! Katangaza kwamba tangu meno yaanze kumkimbia, hakuna aliyewahi kuzifikiria fizi zake namna hii. Ya Mizani hakuiweza hata kidogo. Nikasimama kutoa shukrani. Nilikuwa nimefika kwenye kumshukuru marehemu babu, mkwe aliponiambia nikae, mwanangu. Kisha akatoa hukumu: hii ya kijani nileteeni mimi nyumbani, ile nyingine wauzieni wenye meno.

Kona kapewa Mizani.

Jumatatu, 10 Machi
Karakana. Mlango mmoja, msasa mmoja. Kufika saa nne mkono umekufa ganzi. Mizani kapita, kasema pole kaka, fuata nyuzi za mbao, usizikate. Fitina tena. Dada naye kafungua kabati. Habari zimenifikia huku, leo sina haraka ya kurudi nyumbani.

Halafu nikawaza. Kitu kilichogeuza nyama ya paja kuwa uji kwa siku moja kitashindwa na ubao? Shemeji alipotoka kwenda kula, nikaupaka mlango wote chupa mbili za kijani nilizokuja nazo, mbele na nyuma. Nikatupa msasa. Kesho asubuhi utakuwa laini wenyewe.

Mlango ni wa mwenye bucha. Sasa atajua alichokikosa.