Shimo la Mazoezi

Jumatano, 2 Julai
Leo tumemzika mzee Mustapha, fundi baiskeli. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea, kama kawaida yangu kwa miaka thelathini na nane sasa. Kazi ilipokwisha nikatoka kwa mruko mmoja, kama paka wa jikoni. Watu wakastaajabu.

Hapana. Daftari ni langu mwenyewe, nimdanganye nani? Nimetolewa. Wenzangu wawili walipanda, wakakung'uta mikono. Mimi nikabaki chini nikijivuta na kuteleza, kujivuta na kuteleza, udongo ukinimiminikia kifuani. Wanaume wanne wakaninyanyua kwa makwapa. Kanzu ikapanda mpaka... basi, yatosha.

Na Sabiri! Jirani yangu, mjukuu wa Mnyamwezi aliyekuja Korogwe kukata mkonge. Kwa hiyo ni mtani wangu mimi Mzigua, kwa hiyo hana adabu na siruhusiwi kukasirika. Alipiga kelele mbele ya watu wote kwamba niachwe, nimeshafika, wanirudishe juu kwa lipi? Hata waliokuwa wanalia wakacheka. Nadhani hata Mustapha.

Shehe Hashim, msimamizi wetu wa mazishi, akanivuta pembeni. Akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Ijumaa ya tarehe 18, baada ya swala, tutapimana barazani. Atakayeinuka kigodani mara tano bila kushika kitu ndiye atakayeshuka. Asiyeweza atabaki juu ashike shuka la kufunika kaburi. Sabiri akajiandikisha hapo hapo.

Kushika shuka! Mimi! Nilimshusha baba yangu kwa mikono hii. Nimewashusha watu arobaini na mmoja wa Sindeni hii, na majina yao wote ninayo kichwani. Sishiki shuka la mtu.

Ijumaa, 4 Julai
Mke wangu Mwantumu amenipeleka zahanati bila chai. Nesi Joyceline, binti mdogo, shikamoo nyingi, huruma hana. Akazungusha utepe tumboni: sentimita mia na kumi na mbili. Nikamwambia hiyo ni heshima, hata wabunge wanayo. Akazungusha pajani, akaandika. Akanitoboa kidole. Sukari sita nukta sita.

Akasema bado si kisukari, ila kisukari kimekaa mlangoni kinavua viatu.

Kisha kiti. Kuinuka mara tano, mikono kifuani. Mara ya kwanza, safi. Ya pili, nikatoa sauti. Ya tatu, sauti ilitoka ila mimi sikuinuka.

Akanieleza kwamba tumbo limeongezeka na nyama ya mapaja imepungua, na nyama ya mapaja ndiyo inayokula sukari mwilini. Ikipungua, sukari inazurura kwenye damu haina pa kwenda. Nikaomba sindano. Akasema sindano yangu ni kiti: kuinuka na kukaa kila siku, kutembea, kulima mwenyewe, maharage, dagaa, mayai. Ugali upungue. Sukari ya chai iondoke.

Mwantumu akatikisa kichwa kwa furaha. Tulipofika nyumbani mkebe wa sukari haukuwepo tena duniani.

Jumapili, 6 Julai
Nimefikiri. Joyceline ni msomi lakini anazungusha mambo. Tatizo ni tumbo. Tumbo linaletwa na chakula. Ondoa chakula, tumbo linaondoka, mtu mwepesi anapanda. Mimi nimeishia darasa la nne na nimeliona hilo bila utepe.

Kuanzia leo ni maji, na chai kavu jioni. Nimekaza uzi.

Jumatano, 9 Julai
Ushindi! Nimejipima kwenye mizani ya magunia kwa Valerian, mnunuzi wa mahindi. Kilo tatu hazipo! Valerian akasema gunia hili bado lina unyevu, lirudishwe likaanikwe. Wivu.

Jioni nimeshindwa kuinuka kwenye mkeka. Mwantumu alinivuta mkono mmoja, nikamvuta yeye, tukawa wawili chini. Akasema maneno ya Kizigua ambayo siyaandiki.

Joyceline akapita akitoka kazini, akanikuta hivyo hivyo. Akauliza nimekula nini. Nikamwambia kwa majivuno kwamba sijala. Akashika kichwa. Kumbe mwili ukinyimwa chakula ghafla unakula hata nyama ya miguu yake wenyewe! Tumbo lipo pale pale, linaangalia. Nimefunga siku tatu kumlisha adui.

Nimekula maharage sahani mbili na mayai matatu. Kwa hasira.

Ijumaa, 11 Julai
Sasa nafanya kweli. Baada ya kila swala naenda kitini. Mara tatu safi, bila sauti! Asubuhi nimetembea mpaka kisimani na kurudi na ndoo moja. Mapaja yanauma kama yameibiwa na kurudishwa.

Sabiri anasimama nje ya ua ananihesabia kwa sauti kubwa, moja, moja, moja, hafiki mbili. Nikamuuliza yeye anafanya mazoezi gani. Akasema yeye ni mwembamba tangu kuzaliwa, mwembamba hahitaji mazoezi, anahitaji kuitwa tu.

Lakini usiku wazo limenijia. Kiti si kaburi. Hata nikishinda kigodani, siku ya kushuka itakuwaje? Mwanafunzi wa udereva hafundishwi kwenye kochi. Nahitaji shimo.

Jumatatu, 14 Julai
Shimo limechimbwa! Nyuma ya nyumba, kina cha kifua, kingo zimenyooka, zuri kuliko la Mustapha. Nimempa kazi Habakuki, mchimba vyoo, kwa jogoo mmoja. Mwantumu yuko Handeni mjini, Chanika, kwa dada yake, kwa hiyo hakuna wa kuuliza maswali.

Mwantumu angesema ningechimba mwenyewe, kulima mwenyewe ndivyo nesi alivyosema. Lakini hayo ni mazoezi, na mazoezi yanaanza kesho ndani ya shimo. Kwa nini nijichoshe kabla? Nimekaa kwenye kiti cha uvivu nikamsimamia Habakuki mchana kutwa.

Kabla ya kuondoka akaniuliza, kwa sauti ya chini, shimo ni la nani. Nikamwambia ni langu. Akauliza lini. Nikamwambia kesho asubuhi, Mungu akipenda.

Akaenda haraka sana. Hata jogoo kamsahau.

Jumanne, 15 Julai
Sijui nianzie wapi.

Saa moja asubuhi nikashuka. Kushuka ni rahisi. Nikajaribu kupanda mara sita. Kingo za Habakuki zimenyooka mno, hazina hata pa kuweka kidole gumba. Saa mbili nikaanza kuita. Hakuna mtu.

Saa tatu akaja Sabiri mbio, uso umemshuka. Alipochungulia akanikuta nimesimama, mzima, akashika ukingo wa shimo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimemwona Sabiri analia. Macho yamelowa kabisa! Kisha akakumbuka kwamba ni mtani, akasema nimekosea upande wa kibla. Akasema nimwangalie mwanaume anavyopanda. Akaruka ndani.

Hakupanda.

Mwembamba tangu kuzaliwa! Miguu yake kumbe ni fito, haina nyama hata ya kuku. Tukakaa wawili mle kama viazi. Hatimaye akaniomba bega. Akaapa kwa marehemu mama yake kwamba akifika juu atanivuta, na kwamba bega hilo atanirudishia siku yoyote nitakayolitaka. Nikainama. Akanikanyaga, akatoka, akanyoosha mkono kunivuta. Ndipo tukasikia kilio.

Habakuki alikuwa ameeneza habari. Eti mimi, mzee Mhina, nimeona siku yangu, nimechimbisha kaburi mwenyewe. Binti yangu Hafsa amekuja kutoka Korogwe na pikipiki, kajifunga kanga kiunoni, analia tangu barabarani. Nyuma yake majirani wenye viti, masufuria na unga. Shehe Hashim na ubani. Na Mwantumu, ameshuka kwenye gari la Handeni hana kiatu kimoja.

Nikawaambia shikamooni na marahaba, kwa ujumla.

Mwantumu hakulia. Alichungulia muda mrefu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba njia nzima kutoka Chanika alikuwa anajiuliza ni nani atakayenishusha mimi, maana ni mimi ninayewashusha wengine wote. Kisha akaagiza ngazi, na akasema nisipofanya anavyosema Joyceline, shimo halifukiwi.

Halijafukiwa. Nikiandika nalitazama dirishani.

Ijumaa, 18 Julai
Siku ya kipimo. Baraza imejaa. Joyceline amekuja mwenyewe, amesimama na saa.

Sabiri: mara tatu, ya nne akaanguka na kigoda. Joyceline akamwandikia aende zahanati naye, kwamba wembamba si kinga. Uso aliokuwa nao! Nitaukumbuka mpaka shimoni.

Mimi: moja. Mbili. Tatu. Nne! Ya tano nilifika nusu, magoti yakatetemeka, watu wote wakavuta pumzi pamoja nami, nikarudi chini.

Nne! Wiki mbili zilizopita zilikuwa mbili.

Shehe Hashim akasema wote wawili tushike shuka, tupimwe tena mwezi wa tisa. Nimekubali. Mwezi wa tisa ni tano, au nisiitwe Mhina.

Nimesherehekea ile ya nne kwa chai. Vijiko vitano, sukari ya jirani. Kijiko kimoja kwa kila mara, na cha tano kwa nia.

Na nimefikiri. Hata nikifika tano, magoti yanaweza kugoma kaburini wakati wa kupanda. Basi, Sabiri, kwa kuwa najua unachungulia daftari hili kila unapokuja kuazima jembe, soma hapa. Tukifaulu, tushuke wote wawili. Kazi ikiisha, wewe inama kidogo kona ya kushoto, usiulize. Nani atabaki chini, hilo tutalizungumza baadaye.

Uliapa kwa mama yako. Nakudai bega. Moja tu, hata la kushoto.