Korola Iliyoshonwa

Damiani hakuwa mwizi. Mwizi huja bila kukaribishwa. Damiani aliletewa kiti, akamiminiwa chai, na wenye mali wenyewe wakamsaidia kupakia. Siku alipoiona Mark Two ya Bi Mboni bandani kwake pale Lindi, imefunikwa turubai tangu mumewe afariki, alifunua boneti taratibu kama mtu anayetoa pole. Injini ilikuwa nzima, safi, inang'aa. Yeye alikuwa na Korola kuukuu iliyokohoa kila kilima, na hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wake wote duniani.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, baba. Msiba wa zamani huo."

"Mimi nalilia huu ninaouona hapa. Injini kubwa ndani ya bodi zito! Nani aliwaozesha hawa?"

Akamweleza habari za mashindano ya magari yaliyoandaliwa kwenye kipande cha lami ya zamani nje ya mji. Kila gari lingepimwa uzito, uzito ulinganishwe na ukubwa wa injini, ndipo lipangiwe daraja. Jepesi lenye injini kubwa liliwekwa na wakali wenzake. Zito lenye injini ndogo lilishindana na magoigoi.

"Tubadilishane injini, mama. Yangu ndogo ikikaa kwenye bodi lako, unaangukia daraja la tatu. Humo wote wagonjwa. Utashinda huku unakunywa soda."

"Na wewe?"

"Mimi daraja la kwanza, nikapambane na wakali. Najitoa mhanga."

Bi Mboni, aliyenunua korosho kwa wakulima wa Rutamba tangu Damiani hajaota meno, alimtazama kidogo, kisha akakubali. Wakaandikishana, mafundi wakahamisha injini, na Damiani akaondoka anapiga mluzi.

Sasa tumsifu kijana anapostahili sifa. Hakuwa na nia hata kidogo ya kupambana na wakali. Aliijaza Korola mchanga: chini ya viti, kwenye buti, hadi ndani ya milango. Ikishapimwa, na mzani ukamtupa kwa magoigoi, angechepuka kichakani njiani, aumwage mchanga wote, kisha awapite wagonjwa wale kwa injini ya Mark Two. Mawazo hayo yalimfurahisha mpaka akajionea wivu.

Magari yalipimwa kwenye mzani wa malori wa ghala la korosho. Eusebio, karani wa mzani, akatangaza, "Korola, daraja la tatu!"

"Si ulisema la kwanza, baba?" aliuliza Bi Mboni. Alikuwa anaizunguka Korola, mkononi ana bambo, kile chuma cha kuchomea magunia ili kuona kilichomo. Mnunuzi wa korosho hutembea nacho kama wengine wanavyotembea na simu, kwa hiyo Damiani hakujali.

"Hata mimi nashangaa, mama. Nibishane na mzani?"

"Basi tushindane mimi na wewe. Atakayeshindwa amwachie mwenzake gari."

Damiani alikaribia kumbusu. Sasa alikuwa anapewa hata bodi la Mark Two! Akaapa mbele ya umati, akaingia garini, akawasha.

"Subiri kidogo," alisema Bi Mboni. "Eusebio, gunia likishapimwa hapa ghalani tunafanyaje?"

"Tunalishona, mama, lisiongezwe wala kupunguzwa."

"Haya, tuyashone na magari haya."

Kamba ya katani ikapitishwa kwenye vitasa, ikazunguka milango na buti, ikafungwa fundo. Damiani aliachiwa dirisha la kuvutia pumzi. Bi Mboni akainama hapo, akafungua kiganja: mchanga uliotoka na bambo.

"Korosho zako zimesagika, mwanangu," alinong'ona. "Niseme, mashindano yavunjwe uondoke na injini ya mume wangu? Au twende?"

Damiani akaingiza gia. Kulalamika ilikuwa kukiri.

Kule kwenye lami, bendera iliposhuka, Korola ilinyanyua pua na kukalisha makalio chini. Tairi za nyuma zikasugua bodi, moshi ukafuka, moja ikapasuka, na gari likakaa palepale. Mark Two ikampita kwa mwendo wa kupeleka maharusi. Bi Mboni alimpungia mkono. Alikuwa analia, kwa sababu injini iliyonguruma nyuma yake ilikuwa ile aliyoizoea, nayo ilikuwa inarudi nyumbani.

Kamba ilipokatwa, alisimamia mwenyewe upakuaji. "Gari langu. Mchanga wako, uchukue. Mimi si mwizi."

Wakaivuta Korola. Damiani akabaki kando ya lami, amekalia lundo lake, machozi yanamtoka kweli kweli. Baadaye pikapu ikasimama.

"Kaka, huo mchanga unauza?"

Damiani akajifuta macho, akachota kidogo, akaupitisha vidoleni kwa heshima.

"Ndugu yangu," alisema, "mchanga kama huu uliuona lini mara ya mwisho?"