Sweta ya Mwalimu Mkuu

Kwa maoni yake mwenyewe, Injinia alikuwa mfumaji wa pili kwa ubora duniani. Wa kwanza ni buibui, na huyo naye alimkubali kwa shingo upande tu, kwa kuwa ana miguu minane na hana kazi nyingine!

Uinjinia wenyewe, tuseme ukweli, alijipa. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na grili za madirisha, tena fundi hodari kwelikweli, mwenye karakana ya mlango wa bluu na kibao alichokiandika kwa mkono wake. Kibao kilisema INJINIA, na watu wakasoma kilivyoandikwa.

Kufuma kulimjia kwa amri ya daktari. Presha ilikuwa imepanda, na daktari, baada ya kumsikia akimgombeza muuguzi kwamba ule mkanda wa kupimia ameufunga upande, alimwambia atafute kitu cha kumtuliza.

"Jaribu maua," daktari alisema. "Au fuga samaki."

Samaki! Mtu mzima akae akitazamana na samaki! Injinia alipita dukani akanunua sindano mbili za kufumia na madonge manne ya sufu ya kijivu, kwa sababu kwenye simu alikuwa amemwona babu mmoja mwenye mikono inayotetemeka akifuma skafu. "Kama yule anaweza," alimwambia mkewe, "mimi nitafuma huku nimefumba macho."

Mkewe alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Binti yao wa pekee, karani wa posta, hakucheka. Alifunga mapazia.

Jioni ya kwanza Injinia alianza skafu kwa vitanzi ishirini. Kufika saa ya kulala vilikuwa thelathini na kimoja, na hakuna aliyejua hao wageni kumi na mmoja walitokea wapi. Skafu ilianza nyembamba, ikapanuka, ikakunja kona. Aliitupa juu ya kiti, asubuhi akaenda kazini amenuna. Aliporudi jioni, skafu ilikuwa imenyooka kama rula!

Injinia aliigeuza mbele na nyuma. Kisha akatabasamu, maana alikuwa ameelewa.

"Sufu ni kama rangi ya mafuta," alimtangazia mkewe. "Ukishaipaka, iache ipumzike. Yenyewe inajipanga."

"Naona," mkewe alisema, akamimina chai.

Tangu siku hiyo hakukuwa na kitu uchi ndani ya nyumba ile. Rimoti ilivaa. Birika likavaa. Redio ikavalishwa kitu chenye kola, ikawa inatangaza habari kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Mtungi wa gesi ukapata sweta ya mistari, na mkewe akauliza kwa upole kama na yeye, ambaye huwa anasikia baridi, anaweza kufikiriwa.

"Foleni, mke wangu. Kuna feni mbele yako."

Ubaya haukuwa sufu. Ubaya ulikuwa hesabu! Ukimsemesha Injinia akiwa na sindano, ananyoosha kidole juu na kusema, "Subiri, nahesabu!" Siku moja mkewe alimjaribu kutoka jikoni. "Mume wangu, nyumba inaungua!" Injinia akajibu, "Nimebakisha saba!"

Hata hivyo wageni walisifu. Wanawake wa jirani waliishika ile sweta ya mtungi, wakaitazama kwa ndani, wakasema mkono huu si wa mchezo. Injinia aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea nishani. Mkewe alitazama dirishani.

Basi binti akapata mchumba, kijana mpole anayefundisha watu udereva na ambaye kwa hiyo hashtuki ovyo. Tatizo lilikuwa baba yake. Huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa makaratasi tu. Kijana alishawahi kuchumbia kabla, na uchumba ule ulikufa siku wazazi walipokutana, kwa sababu saa ya ukutani ya wale wenyeji ilikuwa nyuma kwa dakika tano. Mwalimu Mkuu aliitazama saa, akavaa kofia, akaondoka, na hakurudi tena.

Sasa alikuwa anakuja kwao, Jumamosi, baada ya wiki tatu, saa kumi kamili.

"Baba, nakuomba," binti alisema. "Nampenda huyu kijana. Usiniharibie."

"Mimi? Nikuharibie?"

"Siku hiyo sitaki kuona hata uzi mmoja," mkewe aliongeza. "Sufu yote kabatini. Mtazungumza mambo ya watoto, basi."

"Hata kidogo?"

"Hata uzi wa kushonea kifungo!"

Injinia aliapa, na kiapo alikitimiza kwa namna yake. Nyumbani hakugusa sindano wiki tatu nzima. Alifumia karakanani, saa ya chakula cha mchana, nyuma ya rundo la mabomba, amevaa miwani ya kuchomelea ili mteja akipita asimshuku. Alikuwa anamfumia mkwe wake mtarajiwa, Mwalimu Mkuu, sweta. Aliona wazi itakavyokuwa: mzee anaivaa, machozi yanamlenga, anasema hajapata kuheshimiwa hivi maishani, na mkewe na bintiye wanaomba radhi kwa zile dharau zao zote.

Vipimo alivipata kwa ujanja. Alimwomba kijana amletee shati moja la baba yake, akalilaza juu ya meza ya chuma, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akapima kwa futi ya chuma. Shingo, sentimita arobaini na moja. Mikono mpaka kwenye vifundo, sawasawa.

Tena sawasawa kabisa! Katika mageti kuna sheria moja tu: pengo ni aibu. Ukiacha nafasi ya vidole viwili, paka wa jirani anaingia, na mteja anarudi na maneno. Injinia hakuwa amemwachia paka pengo kwa miaka ishirini na sita, na hakuona sababu ya kuanzia shingoni kwa mkwe. Akaanza na shingo, maana geti nalo huanza na fremu, akaukaza uzi kwa mkono uliozoea chuma, akashuka nayo mpaka kiunoni.

Kwamba shati hufunguka mbele, na sweta aina ile haifunguki popote, halikumjia akilini. Kwamba juu ya shingo ya binadamu pana kichwa, nalo halikumjia.

Kila jioni aliiacha kwenye sanduku la vifaa ipumzike. Kila asubuhi aliikuta vilevile, na bega la kushoto limepanda kidogo. Akalaumu baridi ya karakana.

Jumamosi ikafika. Saa kumi kamili mlango uligongwa mara tatu, kwa vipimo. Mwalimu Mkuu aliingia na mkewe na kijana wao. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miwani minene na kichwa cha haja! Kofia aliyoivua ilishonwa kwa oda, kwa kuwa dukani hawana ya saizi ile. Alitazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi, akaketi. Binti akashusha pumzi.

Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Chai ilikuwa ya moto inavyotakiwa. Mwalimu Mkuu aliuliza maswali, binti akajibu, na kwenye majibu mawili mzee alitikisa kichwa kwamba ni sahihi. Ilifika mahali akakohoa na kusema, "Sasa, kuhusu hawa watoto."

"Kabla ya hapo!" Injinia akasimama.

Mkewe alimtazama. Lile jicho tu lingetosha kumkalisha mtu mwenye akili zake.

"Kabla ya hapo, Mwalimu, kuna kazi ya mikono yangu. Nimeifuma mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mtu hata mmoja aliyeigusa."

"Hakuna aliyeigusa?" mkewe aliuliza, na sauti yake ikawa ndogo. "Umeifumia wapi?"

"Karakanani!"

"Mungu wangu," mkewe akasema.

Injinia aliikunjua. Ilikuwa ya kijivu, nene, imekaza kama wavu wa dirisha. Mwalimu Mkuu hakuwa amezoea zawadi, maana wanafunzi wake walimpa heshima tu, tena kwa mbali. Akaguswa. Akavua koti.

"Nitaijaribu," alisema.

Aliingiza mikono. Ikaingia kwa shida. Akainua mikono juu, akainamisha kichwa, akapenyeza. Kichwa kikaenda mpaka utosini, kikagoma.

"Sukuma tu, Mwalimu," Injinia alisema. "Ni mpya, ndiyo maana."

Mwalimu Mkuu akasukuma. Alikuwa mtu asiyeacha kazi njiani. Kwenye tundu la shingo ukatokea upara, duara dogo linalong'aa, na hapo ndipo safari ilipoishia. Miwani ilinasa kwa ndani. Mikono ilibaki juu, imebanwa, na mzee akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Kisha kutoka ndani ya sufu sauti ikasema, "Nimenasa."

"Ivuteni kwa juu!" binti akalia.

Kijana akavuta. Mwalimu Mkuu akapiga ukelele.

"Sikio! Hapo pana sikio!"

"Nina grisi kwenye gari," Injinia alisema haraka. "Tumpake kidogo shingoni..."

"Kaa chini!" mkewe alisema.

"Au msumeno ule mdogo..."

"Kaa! Chini!"

Binti alikuja na mkasi, machozi yanamtoka. Injinia akajitupa mbele yake, akakumbatia kiuno cha mkwe wake kuilinda kazi. "Hakuna kukata! Wiki tatu hizi!" Na kutoka ndani Mwalimu Mkuu naye akapinga mkasi, kwa sababu zake mwenyewe, zote mbili ziko pembeni mwa kichwa.

Binti akaketi sakafuni. Alilia waziwazi, kama mtoto. Uchumba wake ulikuwa umesimama pale sebuleni, mikono juu, hauoni mbele.

Ndipo mkewe Injinia alipokunja mikono ya gauni. Alipiga magoti, akaukagua upindo wa chini, akatafuta ncha ya uzi kwa ukucha, akaipata, akafungua fundo moja na kuvuta. Sweta ikaanza kufumuka. Frrr! Mstari wa kwanza. Frrr! Wa pili. Alizunguka kiuno cha mzee mbio mbio, bila kutazama, mkono mmoja unavuta na mwingine unakunja donge. Mahali palipokaza alipachokoa kwa pini ya nywele, tiki, pakaachia. Sehemu iliyomchukua Injinia siku nne iliondoka kabla chai haijapoa.

"Mama," mke wa Mwalimu Mkuu alisema taratibu, "wewe hii kazi umeifanya mara nyingi."

Mkewe Injinia alizidi kuvuta. Frrr! Tumbo la mzee likatoka. Kisha mkono mmoja, kisha wa pili, kisha kidevu, kisha miwani iliyokaa kichwa chini. Mwisho ule mduara wa shingoni ukaachia, na Mwalimu Mkuu akatokea mzima, mwekundu masikio, nywele chache alizonazo zimesimama. Alitazama saa ya ukutani. Binti akafumba macho.

Lakini aliyeanza ni mke wa Mwalimu Mkuu. Alikuwa amejifinya midomo kwa kitambaa, mabega yanaruka, na ghafla akapasuka. Alicheka akashika ubavu, akashika meza. "Miaka thelathini na nne!" alisema. "Ndiyo mara ya kwanza namwona ameinua mkono kuomba ruhusa!"

Kijana akaangua kicheko. Binti akacheka huku analia. Mwalimu Mkuu alijaribu kukunja uso, ukamshinda, akaketi na kutoa kitu kama kikohozi, ambacho mkewe baadaye alithibitisha kuwa ni kicheko.

Injinia peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mkewe mikono. Ile mikono ilivyokimbia!

"Ile skafu ya kwanza," alisema.

"Niliifumua ukiwa kazini, nikaifuma upya."

"Sweta ya mtungi?"

"Mara mbili. Ulikuwa umeufumia mikono."

"Ya birika? Ya redio?"

"Zote, mume wangu."

"Ya redio kola niliiweka mimi," binti alisema, macho chini.

Injinia akakaa. Presha, kwa haki yake, ilipaswa kupanda. Haikupanda. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Kwa sababu tangu ushike hizo sindano umeacha kugomba," mkewe alisema. "Unakaa na sisi. Unahesabu hesabu zako, unaniita nije nione. Nilikuwa nimekukosa, na sasa nimekupata. Nikuache ukate tamaa kwa ajili ya skafu?"

Injinia alijikuna kidevu. Alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi hawezi kuondoka mahali bila kujua alichofanya.

"Basi niambieni ukweli," alisema. "Kwa miezi yote hii, kuna kitu gani nilichokitengeneza mimi mwenyewe, ambacho hakuna mtu aliyekirekebisha?"

Wote walitazamana. Mwalimu Mkuu alinyoosha mkono mezani, akainua donge kubwa la sufu ya kijivu, akaligeuza chini ya miwani kama anavyokagua daftari.

"Hiki hapa, Injinia," alisema. "Sasa hivi hakina kosa hata moja."